Usiikaze tena: koki za bafuni kwenye nyumba za kupanga Mwanza

Koki ikianza kudondosha, karibu kila mpangaji huanza kwa kuikaza. Ikidondosha tena, anaikaza zaidi. Wiki ya tatu inakazwa kwa kitambaa na mikono miwili, au kwa plaizi, na kila anayeingia kuoga anapewa maagizo: "Ukimaliza ikaze sana." Hapo ndipo ubovu wa washa ya mpira, kitu cha pesa ya chenji, unapogeuka kuwa ubovu wa siti, pete ya chuma ndani ya koki ambayo washa hukaa juu yake, kisha wa koki nzima, na mwisho ukuta wenye vigae unabomolewa. Kwenye nyumba ya kupanga jambo hili hutokea haraka kuliko kwingine, kwa sababu aliyeinunua koki haogi nayo, na anayeoga nayo hakuinunua.

Koki inayodondosha haitaki nguvu. Inataka kufunguliwa, kuangaliwa ndani, na kubadilishiwa kipande kimoja. Kazi hiyo mpangaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa nusu saa, ili mradi ajue ana koki ya aina gani na ajue pa kuishia.

Koki za hapa zina maradhi yake. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, yanavutwa Capripoint na sasa Butimba pia, yanasafishwa, halafu yanasukumwa kwenda kwenye matangi ya vilimani. Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi. Ukiona ukoko mweupe mgumu kwenye mdomo wa koki, uliza kama nyumba inatumia maji ya kisima kirefu. Kinachoua koki za huku ni mchanga, pamoja na presha inayopanda na kushuka.

Mchanga unaingia bomba linapopasuka. Vilimani, kuanzia Mabatini na Bugarika mpaka Isamilo, sehemu nyingi hazichimbiki. Bomba la nyumba linapita juu ya jiwe, juani, na watu wanalikanyaga. Likipasuka wakati maji yamekatika, linameza udongo. Maji yakirudi, huo udongo ndio unaotangulia kufika kwako. Nyumba yenye simtanki nayo ina tope lake: chini ya tanki ambalo halijaoshwa kwa mwaka mmoja au miwili hukaa tope laini, na siku tanki linapokaribia kuisha, bomba la kutolea linalivuta.

Presha hesabu yake ni rahisi. Kila mita 10 za mwinuko hula takriban baa 1, baa ikiwa kipimo cha presha. Nyumba iliyo chini karibu na barabara na nyumba iliyo mita 40 juu yake mlimani, hata zikiwa kwenye bomba moja, zinapishana baa 4. Wa juu analalamika maji yanachuruzika, wa chini washa zake zinakatika. Usiku watu wakilala matumizi hupungua na presha hupanda, ndiyo maana koki iliyotulia mchana kutwa husikika ikidondosha saa nane za usiku.

Kwa hiyo maji yakirudi baada ya mgao, usianze na shawa wala koki ya sinki. Anza na koki ya nje, ile ya kuchotea kwa ndoo, uiache itoe hewa na uchafu mpaka maji yawe meupe, ndipo ufungue za ndani. Hii pekee inaongeza maisha ya koki za bafuni kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Na maji yakiwa yamekatika, ukifungua koki ukaona kavu, ifunge palepale. Nyumba nyingi zimefurika kwa koki iliyoachwa wazi asubuhi, maji yakarudi saa nne watu wako kazini.

Kabla ya kushika spana, jua una koki gani. Shika mkono wake uuzungushe. Ukizunguka mara mbili, tatu au zaidi kutoka kufungwa hadi kufunguka kabisa, hiyo ni koki ya washa: ndani kuna msumari mnene wenye nyuzi kama za skrubu, unaoshuka na kukandamiza mpira juu ya siti. Ukizunguka robo tu, ndani kuna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Ikiwa na mkono mmoja unaoinuliwa juu na kupelekwa kushoto au kulia kwa moto na baridi, hiyo ni miksa, na ndani kuna katriji, kopo dogo lenye visahani vya kauri, linalobadilishwa zima. Ile ya wenzo mrefu mwekundu au wa buluu, inayofungwa kwa robo mzunguko, ina mpira wa chuma uliotobolewa katikati. Ikianza kuvuja ndani haitengenezeki, inabadilishwa nzima. Koki za plastiki nyeupe nazo ni za kubadilisha tu.

Nyingi kwenye nyumba za kupanga za huku ni za washa, kwa hiyo nitakaa hapo.

Andaa spana malaya mbili za saizi ya kati, bisibisi bapa na ya nyota, kisu kidogo, tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzibia nyuzi), kitambaa, na washa mbili au tatu za nusu inchi. Washa haziko sawa zote: kuna zenye tundu katikati na zisizo nalo, kuna nene na nyembamba. Kama unaweza kukaa bila maji kwa saa moja, fungua kwanza, upeleke ile ya zamani dukani uilinganishe na mpya kwa kuzibandika pamoja.

Funga maji. Kama bafu linalishwa na tanki, funga geti valvu, ile ya gurudumu, iliyo chini ya tanki. Kama linalishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, funga koki iliyo kwenye mita. Kwenye nyumba yenye wapangaji wanne watano, waambie kwanza, wajaze ndoo zao. Geti valvu ambayo haijaguswa miaka mingi mara nyingi haifungi mpaka mwisho, au gurudumu lake linazunguka bila kufanya kitu kwa sababu ulimi wa ndani umekatika. Usiilazimishe. Ikiwa hivyo, kazi inasubiri tanki liishe, au inasubiri fundi wa kubadilisha valvu hiyo kwanza. Ukishafunga, fungua koki ya chini kabisa kwenye nyumba ili maji yaliyobaki kwenye bomba yatoke.

Ziba tundu la maji machafu sakafuni kwa kitambaa. Skrubu ya mkono wa koki ni ndogo, na ikianguka humo haionekani tena.

Ng'oa kwa ncha ya kisu kile kifuniko kidogo cha katikati chenye rangi nyekundu au buluu. Chini yake kuna skrubu. Ikiwa imeshika kutu, mwagia maji ya moto mkono wa koki, weka tone la mafuta, subiri dakika kumi, halafu ukandamize bisibisi kwa nguvu huku ukiizungusha taratibu. Ukizungusha bila kukandamiza, kichwa cha skrubu kinalika na hapo umejiongezea kazi. Vuta mkono utoke. Utaona nati kubwa ya pembe sita inayoshika kichwa cha koki.

Mambo mawili hapa ndiyo yanayotofautisha kazi safi na balaa. La kwanza, kabla ya kulegeza nati hiyo, rudishia mkono kidogo uifungue koki nusu, ili washa isiwe imekandamizwa kwenye siti. Ukilegeza kichwa wakati koki imefungwa kabisa, nyuzi zake zinabeba mzigo wote na zinaweza kuliwa. La pili, tumia spana mbili: moja ishike mwili wa koki isiachie, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja tu, mwili wote unazungukia ukutani, tepu iliyo kwenye nyuzi inalegea, na utaanza kuvujisha ndani ya ukuta mahali usipopaona. Koki iliyochoka inaweza pia kukatikia humo humo.

Kichwa kikitoka, kigeuze. Washa iko chini, imeshikwa na nati ndogo au imesukumizwa tu kwenye kikombe chake. Iangalie vizuri. Washa iliyozeeka ina mfereji wa mviringo uliochimbwa na siti, na mara nyingi upande mmoja umekatika kama umeng'atwa. Hiyo ndiyo njia ya matone. Wakati mwingine utakuta chembe moja ya mchanga imezama kwenye mpira. Kila koki ilipokazwa ilizama zaidi. Kwenye aina nyingine kikombe cha washa kimekaa huru, hakijafungwa kwenye msumari, na hubaki ndani ya koki unapotoa kichwa. Kitoe kwa plaizi yenye mdomo mwembamba. Hicho hicho ndicho kinachosababisha koki kufunguliwa na kuzunguka vizuri lakini maji yasitoke: presha ikiwa ndogo, kikombe kinaganda kwenye siti na hakuna cha kukinyanyua.

Kama duka liko mbali na ni usiku, geuza washa ya zamani upande wa pili, ule laini uelekee chini. Itakusogeza siku kadhaa. Watu wengine wanakata washa kutoka kwenye ndala au kwenye tyubu ya baiskeli. Ya ndala ni laini mno, inameza siti na baada ya siku chache inachanika. Ya tyubu ni nyembamba, inakulazimisha kukaza sana. Kwa usiku mmoja sawa, kwa mwezi hapana.

Kabla ya kuweka washa mpya, ingiza kidole kidogo ndani ya koki ugusie siti, ile pete ya chuma iliyo chini. Pitisha kidole pole pole mzunguko mzima. Ikiwa laini kama mdomo wa chupa, una bahati. Ukihisi alama inayokwaruza, kama ukucha ulioingia kwenye ufa, siti imeliwa: maji yenye mchanga yamepita kwenye mwanya mdogo kwa miezi na kuchimba chuma. Washa mpya juu ya siti iliyoliwa itashika wiki mbili, kisha itaanza tena. Kuna kifaa cha kusagia siti, kina mpini juu na jino la duara chini. Baadhi ya mafundi bomba wanacho. Kwa koki nzuri ya shaba nzito, inafaa kusaga. Kwa koki nyepesi ya bei ya chini, gharama ya fundi inaipita koki yenyewe, nunua nyingine.

Rudisha kwa mpangilio wa nyuma. Koki iwe nusu wazi unapokaza kichwa. Kaza mpaka ishike, ongeza kidogo, basi. Fungua maji ya nyumba taratibu, siyo kwa kishindo, uache koki itoe hewa na vumbi kwa dakika moja, ndipo uifunge. Washa mpya inafunga kwa vidole viwili. Ikihitaji kiganja kizima, kuna kitu hakijakaa sawa, rudi ukaangalie.

Wakati mwingine koki haidondoshi mdomoni bali inatoa maji shingoni, chini ya mkono, pale tu inapofunguliwa. Washa haihusiki hapo. Kwenye shingo kuna nati ndogo inayokandamiza uzi au pete ya mpira kuzunguka msumari. Kaza nati hiyo robo mzunguko. Ikiendelea, funga maji, itoe, chambua uzi wa zamani uliogeuka kuwa unga, na uzungushie tredi tepu uliyoisokota kama kamba, mizunguko mitano au sita, au uzi wa katani uliopakwa mafuta mazito kidogo. Rudisha nati. Mkono ukiwa mgumu kuzunguka, umekaza sana.

Koki inayounguruma au kutetemesha bomba ukiifungua nusu, kwa kawaida ina washa iliyolegea inayochezacheza. Mlio wa pigo moja ukutani unapofunga ghafla ni presha. Funga pole pole, na kama nyumba iko bondeni mwombe fundi apunguze kidogo kwenye koki ya mita.

Na shawa inayoendelea kudondosha baada ya kufungwa, isubiri kwanza. Maji yaliyobaki kwenye bomba la juu na kwenye kichwa cha shawa hutoka taratibu kwa dakika kadhaa, haina ugonjwa. Ikipita robo saa bado inadondosha kwa mwendo uleule, hapo ndipo uiangalie koki. Shawa ya umeme ni habari nyingine. Ikikupiga shoti hata kidogo, zima swichi kuu, usioge, muite fundi umeme. Usianze kufungua chochote kwa sababu ya matone.

Koki za robo mzunguko na miksa zina adui mmoja, mchanga. Chembe ikipita katikati ya visahani vya kauri inachora mstari, na maji yanapita kwenye mstari huo. Toa kichwa kama nilivyoeleza, kisuuze, angalia pete ya mpira iliyo chini yake. Mara nyingine ni pete hiyo tu iliyochoka, na mafundi wengi hawaiangalii. Ikibidi kununua kichwa kipya, nenda na cha zamani mkononi. Meno ya juu, pale mkono unapoketi, huwa 20 au 24, na kwa macho yanafanana. Pia kuna kinachofunga kulia na kinachofunga kushoto. Katriji za miksa nyingi ni za milimita 35 au 40 upana. Tofauti ya milimita 5 huioni mpaka ufike nyumbani igome kuingia. Skrubu ya mkono wa miksa imejificha nyuma au chini ya kifuniko kidogo na inataka alenki, ufunguo wa pembe sita, mara nyingi ya milimita 2.5.

Simtanki lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa takriban baa 0.3 tu. Koki ya washa inatosheka na hiyo. Miksa yenye njia nyembamba ndani itachuruzika hata ikiwa mpya kabisa. Usinunue katriji ya pili kwa ubovu ambao ni urefu wa mnara. Fungua kwanza kichujio cha mdomoni, kile chenye wavu. Kifungue kwa mkono ukitumia kitambaa, kigonge kinyumenyume juu ya kiganja. Mara nyingi utakuta mchanga, vipande vya tepu na magamba ya kutu. Kisuuze, kirudishe, na huenda tatizo limeisha.

Sasa kubadilisha koki nzima. Dukani, usidanganywe na kung'aa. Ipime kwa mkono: ya shaba ni nzito. Chungulia ndani ya mdomo wenye nyuzi, mahali ambapo rangi ya kung'aa haikufika. Ukiona njano, ni shaba. Ukiona kijivu kilichopauka, ni aloi ya zinki, na hiyo ndiyo inayokatikia ukutani baada ya miaka michache. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa haishiki hata moja kati ya hizo. Inakamata chuma tu.

Kabla ya kuweka tepu, ijaribu koki mpya ikiwa kavu: izungushe kwa mkono ukihesabu mizunguko mpaka ishike, ujue itaishia ikitazama wapi. Kisha safisha nyuzi za ukutani, uelekeze mdomo wa nyuzi za koki usoni kwako, na uzungushe tepu kwa kufuata mkono wa saa, ukiivuta ishike. Tepu nyembamba za madukani zinataka mizunguko 10 hadi 15. Ukizungusha kinyume, koki inapoingia inaifumua tepu yote na kuirundika nje. Anza kuingiza kwa vidole, siyo kwa spana. Ikiingia kwa shida tangu mwanzo, imepita mshazari. Itoe uanze upya. Unapokaribia mwisho, lenga mdomo utazame chini. Ukipitiliza usiirudishe nyuma hata kidogo: tepu imeshalegea, toa yote, weka mpya.

Angalia pia inakoingia. Elbo, yaani kona ya bomba, ya plastiki isiyo na shaba ndani hupasuka ukiikaza kama bomba la chuma. Na kama vigae vimeongezwa juu ya ukuta wa zamani, nyuzi za koki hazifiki. Kunahitajika kipande cha kurefusha. Koki iliyoshika nyuzi mbili tatu tu inavuja leo au kesho.

Ikikatikia ukutani, funga maji kabla ya kufanya lolote. Kilichobaki ndani ni pete ya nyuzi. Chukua jino la msumeno wa chuma, ulizungushie kitambaa pa kushikia, uingize ndani ya pete na ukate mifereji miwili iliyo karibu, kuelekea nje, ukisimama kabla ya kugusa nyuzi za elbo. Ukiona rangi imebadilika, umefika. Kisha kwa patasi ndogo gonga kipande kilicho kati ya mifereji kiingie katikati. Pete inalegea na kutoka. Gonga kwa upole, maana elbo ya bomba la plastiki ikizungushwa ndani ya ukuta, shaba yake inaachana na plastiki na hapo ukuta utavunjwa kweli. Pete ikitoka, fungua maji sekunde chache kwenye ndoo yasafishe vipande. Kama koki mpya haijapatikana, ziba kwa plagi, kizibo chenye nyuzi, ya nusu inchi yenye tepu. Kila nyumba ya wapangaji wengi ingefaa iwe na plagi moja kwenye droo, kwa sababu ndiyo inayorudisha maji kwa wote huku bafu moja likisubiri.

Mipira ya kuunganisha sinki inataka maneno machache: ukiona kutu ya kahawia kwenye msuko wake wa chuma, ibadilishe kabla haijapasuka. Inakazwa kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Haiwekewi tepu, ina washa yake ndani.

Inabaki hesabu na mwenye nyumba. Weka glasi ya mililita 250 chini ya koki uangalie saa. Ikijaa kwa dakika 15, unapoteza lita 24 kwa siku, lita 720 kwa siku 30, yaani madumu 36 ya lita 20. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000. Kwenye nyumba ambayo bili ya mita moja inagawanywa kwa vichwa, madumu hayo analipa hata asiyeoga kwenye bafu hilo, na ugomvi wa bili huanzia hapo. Kujua kama kuna uvujaji uliojificha, funga koki zote pamoja na ile inayojaza tanki, usome mita, usubiri nusu saa. Tazama kigurudumu kidogo kilicho kwenye uso wa mita. Kikizunguka hata polepole, maji yanakwenda mahali.

Nani alipe? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwachia mpangishaji wa sehemu ya jengo matunzo ya paa, kuta kuu, mifereji mikuu na vifaa vinavyotumiwa na wote, na mpangaji anatakiwa kutunza alichokodi kiwe katika hali nzuri. Mkataba wako ukisema zaidi ya hapo, fuata mkataba. Maoni yangu ni haya: washa, uzi wa shingoni na kusafisha kichujio ni vya mpangaji, maana kumsubiri mtu aje kutoka Buhongwa kwa ajili ya kipande cha mpira kunakugharimu maji. Siti iliyoliwa, koki nzima, valvu iliyokufa na chochote kilicho ndani ya ukuta ni vya mwenye nyumba. Ila koki iliyokatika kwa kukazwa na plaizi ni ya aliyeikaza, na alama za meno ya plaizi kwenye mkono wa koki kila mtu anaziona.

Mjulishe mapema na kwa maandishi, pamoja na video ya sekunde kumi. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo mama. Koki ya bafu la nyuma inadondosha hata ikifungwa. Jana nimebadilisha washa, bado. Fundi ameangalia, siti imeliwa. Naomba ruhusa ninunue ya shaba, risiti nitakutumia pamoja na ya fundi, tukate kwenye kodi ijayo."

Usikate kodi kabla hajajibu. Akijibu "Marahaba mwanangu, endelea," hifadhi jibu hilo, piga picha koki ya zamani na mpya zikiwa pamoja, na ile ya zamani uiweke kwenye mfuko mpaka aione. Ukiamua kwa hiari yako kuweka koki bora ya pesa yako, kubalianeni kabla kama utaondoka nayo. Ukiondoka nayo, ile ya zamani inarudi ukutani na tepu mpya, ikiwa haivuji.

Kuhakikisha haivuji, kausha kwa kitambaa mahali koki inapoingia ukutani na shingoni, kisha zungushia karatasi ya chooni sehemu zote mbili usiku kabla ya kulala, wakati presha iko juu. Weka glasi kavu chini ya mdomo. Asubuhi gusa karatasi kwa kidole. Iliyolowa kidogo tu hujikunja na kuwa ngumu kidogo ikikauka, kwa hiyo hata kama haina maji, iangalie. Ikiwa laini kama ulivyoiacha, rudisha kifuniko cha rangi juu ya skrubu.